Kwa nini rubani alikataa kuja usiku ule

Swali: "Shikamoo mama. Mwezi wa tatu baba yangu, mwenye miaka 61, alianguka kutoka juu ya mnazi kijijini kwetu, mkoa wa Lindi. Hospitali ya wilaya walisema mbavu nne zimevunjika upande wa kulia, apelekwe Dar haraka. Kampuni ya kwanza ya ndege za wagonjwa ilituuliza maswali kibao, ikataka eksirei ya kifua, kisha ikasema hawaji mpaka bomba liwekwe kifuani. Tulipomaliza hayo ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakasema rubani hatui kwenye kiwanja chetu gizani, watakuja alfajiri. Kampuni nyingine, yenye ndege ya kukodisha watalii, ilisema itang'oa viti, itaweka godoro na kuja jioni ileile kwa karibu nusu ya bei. Nilichagua kungoja. Baba alitoka hospitali wiki iliyopita, lakini baba mdogo na shangazi bado wananisema kwamba nilicheza na roho ya kaka yao. Nilikosea? Hizi ndege anazikagua nani? Na baba anaweza kurudi kwa ndege ya abiria hadi Mtwara?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Hukukosea. Sisemi hivyo kukuliwaza. Hata kama baba angefariki usiku ule jibu langu lingekuwa hilohilo, ingawa ungelipokea kwa uchungu zaidi. Nimefanya uuguzi wa angani miaka 19, na naona ulipoamua kungoja ulikuwa umeshaona jambo ambalo wengi hawalioni.

Nianze na lile bomba, maana naona ndilo lililowakera. Ukipanda basi Dar na pakiti ya krispi iliyofungwa, ukifika Njombe utaikuta imevimba kama mto. Hakuna aliyeipuliza. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu ya kuibana, na ile ya ndani inatanuka. Mbavu zikivunjika, ncha yake huweza kutoboa pafu, hewa ikavuja na kunaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kitandani Lindi, hewa hiyo inaweza kuwa kidogo tu, mgonjwa anaongea na kuomba maji. Mpandishe hadi futi 8,000, mita 2,400 hivi, hewa ileile itaongezeka kwa karibu theluthi moja. Inalibana pafu, kisha inausukuma moyo upande wa pili, na mishipa inayorudisha damu moyoni inaminywa. Mtu anakufa hivyo huku amefungwa mkanda vizuri na dawa zote zipo pembeni.

Bomba la kifuani ni mlango wa kuitolea hewa hiyo. Ndiyo maana kampuni makini haiji kuchukua mgonjwa mwenye hewa iliyonaswa kifuani mpaka mlango huo uwepo. Kuliweka hospitalini, penye taa na meza isiyotikisika, ni kazi ya dakika ishirini. Kuliweka ndani ya ndege ndogo ni shughuli nyingine kabisa, na hili nalijua kwa mikono yangu.

Zamani kidogo tulimchukua kijana wa bodaboda kutoka bara. Tuliambiwa kifua kiko salama, eksirei imepigwa. Niliiangalia dirishani kwenye mwanga wa jua: ilikuwa nyeusi mno, ya mgonjwa aliyelala chali, huwezi kuapa juu yake. Nikanyamaza, kwa kuwa daktari wa pale alikuwa mkubwa wangu kwa umri na injini ilikuwa inanguruma. Dakika kama kumi na tano baada ya kuruka, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikashuka kutoka asilimia 95 hadi 84, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Nikamwambia rubani ashuke, nikachoma sindano nene kifuani juu ya ubavu wa tatu, ikatoa mlio kama tairi ya baiskeli. Alipona. Tangu siku hiyo sinyamazi, na eksirei mbaya naihesabu kama haijapigwa.

Kuna ndege zenye presha ya ndani, kama Pilatus PC-12 na King Air. Rubani wake anaweza kuiweka kebini kama iko karibu na usawa wa bahari, mradi akubali kuruka chini kidogo na kuunguza mafuta zaidi. Cessna Caravan, ambayo ndiyo hutumika sana kwa watalii huku kwetu, haina presha: ikiwa futi 9,000, mgonjwa naye yuko futi 9,000. Kwa haki, kutoka Lindi hadi Dar rubani wa Caravan angeweza kuambaa na pwani kwa futi 3,000, na hapo hewa isingetanuka zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi. Lakini mwezi wa tatu mvua za kusini bado zipo. Mawingu yakishuka rubani anapanda, na kifua cha baba kinapanda naye. (Wagonjwa wanaotoka Mombasa kwenda Nairobi wana tatizo lao: uwanja wa Wilson wa huko wenyewe uko mita 1,690 juu ya bahari, kwa hiyo mgonjwa wao akishatua Nairobi hewa imeshatanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na itabaki hivyo hivyo wodini.)

Sasa giza. Kwetu jua likizama hakuna jioni ndefu. Saa kumi na mbili na nusu unaona miti, saa moja huoni hata mkono wako. Kiwanja cha changarawe kisicho na taa hakimwonyeshi rubani mwanzo wake wala mwisho, wala mbuzi aliyelala katikati kwa kuwa changarawe bado ina joto la mchana. Watu huniuliza, si mngewasha taa za magari pembeni? Taa za gari zinamwangaza mtu anayekuja barabarani. Anayeshuka kutoka juu anaona nukta mbili tatu zinazong'aa katika weusi, asijue ardhi iko umbali gani, na mojawapo ikimpiga machoni anapofushwa sekunde zilezile anazozihitaji. Na hata hao wa nusu bei wangewahi kutua, wangepakia gizani na kuruka gizani, juu ya nchi isiyo na taa hata moja ya kumwonyesha rubani wapi ni juu na wapi ni chini.

Shangazi yako atasema: lakini mtu alikuwa anakufa! Hapo hasa ndipo kanuni za kazi hii zilipozaliwa. Huko Marekani, mwaka 2008 ulikuwa na vifo vingi mno vya helikopta za wagonjwa, na wachunguzi walikuta mambo yaleyale yakijirudia: usiku, hali mbaya ya hewa, na rubani anayejua kuna mgonjwa anamngoja. Mwaka 2014 mamlaka yao ya anga ilitoa kanuni mpya kwa helikopta hizo: kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi iko karibu, kifaa cha kupima kimo halisi juu ya ardhi, na tathmini ya hatari inayofanywa kabla ya kila safari. Kampuni nyingi zikaongeza desturi ambayo naiona ni ya busara kuliko vifaa vyote: rubani haambiwi mgonjwa ni nani. Anaulizwa tu, kutoka hapa kwenda pale, saa hii, hali ya hewa hii, inawezekana? Akishasema inawezekana ndipo anaambiwa ni mtoto, au mama mwenye uchungu. Akiambiwa kabla, moyo wake ndio utakaosoma hali ya hewa.

Desturi ya pili ni kwamba safari inahitaji ndiyo ya kila aliyemo ndani, na hapana moja inatosha kuifuta. Muuguzi mdogo kuliko wote akisema "mimi siridhiki", tunarudi. Haulizwi mara mbili wala hanuniwi.

Hiyo ya kampuni mbili pia ina historia yake. Januari 29, 2019, jimbo la Ohio, helikopta iliitwa kuchukua mgonjwa alfajiri yenye theluji. Kampuni mbili zilikuwa zimeshakataa kwa sababu ya hali ya hewa. Ya tatu ikakubali, na rubani hakujua kwamba wenzake wamekataa. Ilianguka msituni ikiwa njiani kwenda kumchukua mgonjwa, wakafa wote watatu: rubani na wahudumu wawili wa afya. Kuzunguka ukitafuta rubani atakayekubali ni mchezo ambao mwishowe unampata asiyejua au asiyejali. Siku nyingine ukipigia kampuni ya pili, waambie ya kwanza imekataa na kwa nini. Jinsi watakavyoipokea habari hiyo itakuonyesha ni watu wa namna gani.

Godoro lile sasa. Mwanangu, lingekuwa ndilo la kwanza kunikimbiza. Kiti cha ndege kimefungwa kwenye reli za sakafu kwa hesabu. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, Part 23, kwa miaka mingi zilitaka abiria ashikiliwe hata pale ndege inaposimama ghafla kwa nguvu ya kumtupa mbele mara 9 ya uzito wake. Baba akiwa na kilo 70, hizo ni kilo 630 zinazoelekea mgongoni kwa rubani. Godoro halina cha kuzizuia. Machela ya kweli ya ndege inaingia kwenye reli zilezile, ina mikanda ya mabegani pamoja na ya kiunoni, na ndege yenyewe imepata idhini ya maandishi kwamba machela ya aina hiyo inaweza kufungwa ndani yake. Kung'oa viti tu, bila fundi mwenye leseni kusaini na bila uzito kupigwa hesabu upya, ni kubadilisha ndege kinyume cha cheti chake. Bima ikija kusoma hilo, itakunja mkono.

Na mtungi wa oksijeni wangeuweka wapi? Mtungi mdogo wa lita 340, kwa mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika, unaisha kwa dakika 34. Ukihesabu kutoka kitanda cha wilaya hadi kitanda cha Dar (gari, kupakia, kuruka zaidi ya saa moja, foleni ya barabara ya Nyerere) hukosi saa tatu, yaani lita 1,800, na mwenye akili anaongeza nusu yake tena. Hiyo ni mitungi minane ya namna ile, au mikubwa minne. Kila mmoja ni chuma kilichojaa presha. Usipofungwa, ndege ikiyumba unageuka nyundo. Ukiwauliza "mtakuja na lita ngapi?" wakajibu "oksijeni ipo, dada", basi haipo.

Uliuliza nani anakagua. Msingi wake ni Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao kila nchi mwanachama inaahidi kusimamia ndege zake kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Viwango hivyo viko kwenye viambatisho: cha 6 kinahusu uendeshaji, cha 8 uzima wa ndege yenyewe, cha 18 mizigo ya hatari, cha 19 mfumo wa usalama wa kampuni. Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ni KCAA. Kanuni za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaoanishwa na wakala wao, CASSOA, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe. Mamlaka ya nchi ndiyo inayotoa cheti cha mwendeshaji, AOC, na pamoja nacho karatasi inayotaja ndege zipi zimo na zinaruhusiwa kufanya nini. Namba ya ndege imeandikwa ubavuni: 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Waulize namba hiyo na uulize kama imo kwenye AOC yao. Si utovu wa adabu. Mwenye nayo atakutumia picha kabla hujamaliza sentensi.

Upande wa pili, daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Umeona pengo liko wapi? Mkaguzi wa ndege anajua bawa na injini, hapimi kama mashine ya kupumulia itafanya kazi sawasawa futi 8,000. Baraza linajua kwamba mimi ni muuguzi, haliulizi kama nimefundishwa kwamba puto dogo linaloshikilia bomba la kupumulia kooni nalo hutanuka angani na kuuminya mrija wa hewa, kisha husinyaa tukishuka. Ndege ikiwa na cheti halali na daktari akiwa na leseni halali, bado wawili hao wanaweza wasiwe ambulensi.

Pengo hilo zaidi linazibwa kwa hiari. Ulaya kuna EURAMI, Marekani kuna CAMTS, mashirika yanayokagua ndege za wagonjwa. Wakaguzi wao wanakuja, wanafungua mabegi ya dawa, wanasoma mafaili ya mafunzo, wanauliza muuguzi maswali bila bosi kuwepo, na ukitoka hapo cheti kina muda wake, unakaguliwa tena. AMREF Flying Doctors wa Nairobi, walioanza 1957, ni miongoni mwa waliopitia mlango wa EURAMI. Ni gharama, na sehemu ya ile bei iliyowashtua ninyi imo humo. Sitaki kukudanganya kwamba cheti kinazuia mauti. Agosti 7, 2025, ndege yao ya wagonjwa iliyotoka Wilson kwenda Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kiambu, muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu 6, wawili wao wakiwa chini kwenye makazi. Sisi wa kazi hii tulinyamaza siku ile nzima. Kinachofuata baada ya msiba kama huo nacho kina kanuni, kiambatisho cha 13: uchunguzi unafanywa kujua sababu ili isirudi, bila kutafuta wa kulaumiwa, na ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30.

Kuna kasoro moja ambayo sisi wenyewe tunainung'unikia. Muda wa kazi wa rubani umewekewa mipaka ya kisheria. Akimaliza saa zake, hata rais akiwa kwenye machela, anapumzika. Katika nchi nyingi muuguzi na daktari walioko nyuma hawamo kwenye kanuni hiyo, wanalindwa na sera ya kampuni tu. Kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi haikuwa nayo. Safari ya tatu mfululizo, saa kumi usiku, nilivuta dawa ya usingizi kwenye bomba la sindano, nikaiangalia, na sikuweza kukumbuka kama ni mililita au miligramu nilizokuwa nahesabu. Niliimwaga nikaanza upya. Kwa hiyo ukimuuliza msimamizi "timu yenu imeamka saa ngapi?" hujaingilia yasiyokuhusu.

Kwa mtu asiye wa fani, kuna dalili moja inayonitosha: nani anauliza maswali. Kampuni ya kwanza iliwachosha, sivyo? Umri, uzito, amepumuaje, eksirei, ana mrija wa mkojo, nani anampokea Muhimbili na amekubali kwa jina, ndugu gani anaambatana na ana kilo ngapi. Waliowatajia bei kabla ya kuuliza habari za mbavu walikuwa wanauza kiti. Hilo la kilo, nikuambie, ndilo linaloleta ugomvi mwingi uwanjani kuliko kifo. Nimeshuhudia shangazi wa watu akililia kiroba cha korosho kilichoachwa pembeni ya ndege, wakati mgonjwa wake anasubiri. Kiwanja kifupi na joto la adhuhuri haviujui utani.

Kuhusu wazee wako, usibishane nao kwa takwimu. Mwombe daktari aliyeweka bomba akusimulie ni hewa kiasi gani ilitoka siku ile, kisha mpigie baba mdogo simu daktari huyo akiwepo.

Na safari ya Mtwara. Ndege ya abiria ina presha, lakini kebini yake inaruhusiwa kufika ile ile futi 8,000. Kutolewa bomba na kujisikia vizuri havitoshi. Kinachotakiwa ni eksirei mpya inayoonyesha pafu limejaa mpaka ukutani. Kuanzia tarehe ya eksirei hiyo hesabu angalau siku 7, na kwa aliyeumia kama yeye madaktari wengi hupenda wiki mbili. Mashirika ya ndege yana fomu ya afya ambayo daktari wake ataijaza. Iombeni mapema, msiifuate kaunta siku ya safari. Akiwa na haraka kuliko hizo wiki mbili, basi la kusini lipo na lami inafika. Mwekeeni mto mdogo ubavuni wa kukumbatia akikohoa, na asimameshwe kila basi linaposimama.